Merikebu ya skeli 1:72 iliyolala ubavu: tulichopima na tulichobadilisha

Jamaa yangu mmoja (jina naliacha, ila mwenyewe karuhusu kisa kiandikwe) aliijenga modeli ya Cutty Sark, merikebu ya zamani ya kubeba chai, toka sifuri, na nikisema sifuri namaanisha sifuri kweli, hakununua boksi lenye vipande vilivyokatwa tayari, alianza na michoro, plaiwudi ya kukatia mataruma (mbavu za bodi) na rundo la fito za mbao. Skeli 1:72, yaani kila kipimo cha meli halisi kimegawanywa kwa 72. Kazi yenyewe safi mno. Alafu akaamua isiwe ya kuangaliwa tu, iende kwa upepo kama merikebu inavyotakiwa kwenda, rimoti igeuze usukani na foromali (zile boriti za mlalo zinazoshika matanga), basi. Siku ya kuishusha majini upepo ulikuwa wa kutikisa majani tu, kama km 9 kwa saa hivi, matanga yakajaa, ikainama kidogo, tukajua itatulia hapo, haikutulia, ikaendelea kuinama taratibu mpaka milingoti ikagusa maji na ngama (tumbo la chombo) ikaanza kujaa kupitia milango ya sitaha. Iliokolewa na kamba aliyokuwa kaifunga tezini (nyuma ya chombo) kwa wasiwasi wake mwenyewe.

Swali lake la kwanza lilikuwa kipimo gani hakipo sawa. Tukarudi kwenye michoro, tukapima bodi upya kwa kaliba, upana, urefu, umbo la kila taruma, hamna kitu kilichopinda wala kuzidi. Na hapo ndo kisa kinapoanza kunoga, maana shida ilikuwa hiyohiyo: kila kitu kilikuwa sawa na mchoro. Modeli ya merikebu ukiipunguza kwa uaminifu kabisa haiwezi kusafiri kwa upepo huu tunaovuta sisi, hata ingejengwa na malaika.

Tuanze na meli yenyewe ili namba ziwe na pa kusimama. Cutty Sark ilishushwa majini mwaka 1869 huko Dumbarton, Uskochi, kwa ajili ya kubeba majani ya chai kutoka China, baadae ikabeba sufu kutoka Australia, na leo iko nchi kavu Greenwich, London, watu wanapita mpaka chini ya mkuku wake, ule uti wa chini kabisa wa bodi. Bodi yake ina urefu wa mita 64.8, upana mita 11, mlingoti mkuu unafika kama mita 46, na matanga yote yakifunguliwa ni karibu mita za mraba 2,970. Ikiwa imezama mita 6.1 uzito wake wote na mzigo ni tani 2,100.

Sasa gawanya. Urefu unaugawa kwa 72, unapata sentimita 90. Upana sm 15 na kitu. Mlingoti sm 64. Eneo la matanga huligawi kwa 72, unaligawa kwa 72 mara 72, yaani 5,184, unabaki na mita ya mraba 0.57. Uzito ndo unakwenda mbali zaidi, 72 mara 72 mara 72, ambayo ni 373,248, kwahiyo zile tani 2,100 zinageuka kilo 5.6. Kilo tano na nusu, alafu juu yake umetandika kitambaa cha zaidi ya nusu mita ya mraba! Mtu yeyote aliyewahi kushika kipande cha turubai wakati wa upepo anajua kitakachotokea.

Lakini hata hapo bado hatujafika kwenye kiini. Kinachopindua chombo ni nguvu ya upepo kwenye tanga ukizidisha na kimo cha tanga juu ya maji, eneo linapungua mara 5,184 na kimo mara 72, jumla mara 373,248. Kinachokisimamisha tena ni uzito ukizidisha na mkono ambao uzito huo unavutia, uzito umeshapungua mara 373,248 na mkono nao unapungua mara 72 nyingine. Umeona? Ya kupindua imepungua mara laki tatu na ushee, ya kusimamisha imepungua hiyo mara 72 zaidi. Upepo ukiwa uleule, modeli ni dhaifu mara 72 kuliko meli iliyoizaa, na fundi hana kosa lolote.

Ukitaka modeli ijisikie kama meli kubwa inabidi upepo nao uupunguze, na hapo unagawa kwa kipeuo cha pili cha 72, ambacho ni karibu 8.5. Hii hesabu ya kulinganisha mwendo wa modeli na wa meli kamili iliwekwa sawa na Mwingereza William Froude, huyu bwana miaka ya 1870 alikuwa na tenki lake la maji Torquay anakokota modeli humo ili kujua meli halisi itahitaji nguvu kiasi gani. Kwahiyo ule upepo wetu wa km 9 kwa saa, kwa modeli ni kama km 77 kwa saa kwa meli kubwa. Hiyo ni dhoruba. Hamna nahodha duniani anakaa na matanga yote juu kwenye upepo wa km 77, ila sisi ndo tulimfanyia hivyo huyu mtoto.

Nilivyomweleza hivi jamaa akasema sawa, nadharia nimeielewa, ila nataka namba ya chombo changu. Nikapenda hilo. Tukafanya kipimo ambacho watu wa meli wanakifanya mpaka leo kwenye meli mpya kabla haijaondoka, ni rahisi na hakihitaji kifaa cha ajabu. Unaiweka modeli kwenye beseni kubwa lenye maji yaliyotulia, ikiwa na uzito wake wote wa safari. Unaning'iniza uzi wenye kizito mwishoni kwenye mlingoti, uzi uwe mrefu, wetu ulikuwa sm 40, na chini yake unaweka rula. Alafu unachukua kizito cha gramu 100 ambacho tayari kipo katikati ya sitaha unakisogeza pembeni sm 6. Zingatia neno kusogeza, usiongeze kizito kipya maana utakuwa umebadilisha uzito wote na kimo chake pia. Uzi wetu ukahama sm 4.8. Gawa 4.8 kwa 40 unapata 0.12. Kisha 0.1 (kilo) mara 6 (sentimita), gawa kwa 5.6 mara 0.12, jibu ni sm 0.9.

Hiyo sm 0.9 ndo umbali kati ya kitovu cha uzito wa chombo na nukta inayoitwa metasenta, nukta ya kufikirika inayotokana na umbo la bodi, hasa upana wake. Kitovu kikiwa chini ya metasenta chombo kinajisimamisha, umbali ukiwa mkubwa kinajisimamisha kwa nguvu, kitovu kikipanda juu yake hakisimami wima hata bila upepo. Milimita 9 kati ya uzima na kuzama. Zidisha na kilo 5.6, unapata 5, hiyo ndo nguvu ya kujisimamisha. Sasa upepo wa km 9 kwa saa kwenye matanga yale unasukuma kama uzito wa gramu 260 hivi, na umbali wa kutoka katikati ya matanga mpaka katikati ya sehemu iliyozama ni sm 34, zidisha, 8.8, hiyo ndo nguvu ya kupindua. Tano dhidi ya nane nukta nane, alafu hiyo tano ni ukiihesabia kwa ukarimu mpaka chombo kimeshalala kabisa. Mechi iliisha kabla haijaanza.

Na hakuhitaji kulala kabisa ili azame. Ukingo wa sitaha ulikuwa sm 2 tu juu ya maji katikati ya bodi, na nusu upana ni sm 7.6, kwahiyo ukingo unazama kwenye nyuzi 15 tu za kuinama. Baada ya hapo maji yanatafuta mlango. Milango ya sitaha ilikuwa mizuri kwa macho, imechongwa kama ya kweli, ila inakaa tu juu ya tundu bila kubana. Maji yakishaingia yanakimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, ndo maana dakika ya mwisho ilikwenda haraka kuliko ile ya kwanza. Vasa ya Sweden iliondoka namna hii Agosti 1628, safari ya kwanza kabisa, haijatoka hata bandari ya Stockholm vizuri, upepo ukailaza na maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi. Na kabla ya hapo walishaijaribu kwa kukimbiza watu 30 toka ubavu huu kwenda ule, ikayumba mpaka zoezi likakatishwa. Yaani kipimo walikuwa nacho, kizito chao kilikuwa binadamu, jibu wakalipata, alafu wakaondoka nayo hivyohivyo. Mimi hii huwa inanishangaza kuliko kuzama kwenyewe.

Turudi kwa jamaa. Sheria ya skeli hakuna wa kuibadilisha, lakini kuna sehemu ya pili ya tatizo ambayo ilikuwa mikononi mwake, nayo ni uzito ulikaa wapi. Tukaifungua tukapima vipande. Bodi na sitaha na mapambo yake kilo 2.9. Milingoti, foromali, kamba, kapi na matanga gramu 700. Sevo mbili (mota ndogo zinazogeuza usukani na foromali), risiva ya rimoti na betri nusu kilo. Jumla 4.1, kwahiyo risasi ya farumi (uzito wa kukituliza chombo) iliyobaki kuwekwa ili ifike kilo 5.6 ni kilo 1.5 tu, imelazwa juu ya mkuku. Hapo juu ndo palipokuwa na kesi. Milingoti alitengeneza kwa fito nene za mti mgumu, zimenyooka vizuri ila hazijapunguzwa kuelekea juu kama inavyotakiwa, foromali vilevile, na kapi ndogondogo zote za shaba. Kwenye modeli ya kukaa mezani hayo ni sifa. Kwenye modeli ya majini kila gramu iliyo sm 35 juu ya maji ni adui, maana inavuta kitovu cha uzito kuliko gramu kumi zilizo sitahani.

Akatengeneza upya sehemu za juu za milingoti kwa mti mwepesi, akazichonga ziende zikipungua, foromali za juu nazo hivyohivyo, kapi za shaba akabadilisha za mbao, matanga akaweka kitambaa chembamba zaidi. Ikatoka gramu 250. Mtu anaweza kuona ni kidogo, lakini zile gramu 250 zilikuwa sm 35 juu, na sasa risasi ya uzito huohuo ikawekwa sm 7 chini ya maji, yaani zimesafiri sm 42. 250 mara 42, gawa kwa 5,600, kitovu cha uzito kimeshuka karibu sm 1.9. Ile 0.9 ikawa 2.8. Mara tatu! Bila kugusa bodi. Kama kuna sehemu moja ya kisa hiki ningependa mjenzi mpya aishike ni hii, maana wengi wanakimbilia kuongeza risasi wakati dawa iko juu ya mlingoti.

Ila hata 2.8 haitoshi. Ingemvusha kwenye upepo hafifu tu. Kwahiyo tukakaa kujadili njia, na hapa kila mtu alikuwa na lake.

Kuongeza risasi ndani ndo wazo la kwanza la kila mtu. Eneo la bodi pale kwenye mstari wa maji ni kama sm za mraba 1,000, maana yake kila kilo unayoongeza inaizamisha sm 1. Tuna sm 2 tu za ukingo. Kilo moja inakula nusu, na kwa vile bodi yenyewe inazama sm 8.5 tu, hiyo risasi haiwezi kukaa chini ya kutosha ili isaidie sana. Wazo likafa hapo. Kupanua bodi kunafanya kazi kweli, uwezo wa upana unakua kwa upana mara upana mara upana, ukiongeza upana kwa asilimia 15 unapata nusu zaidi ya kile umbo linachotoa, na wako wajenzi wanaofanya hivyo toka kwenye mchoro. Lakini bodi imeshafungwa mbao na kupakwa epoksi, na pia Cutty Sark iliyonenepa sio Cutty Sark, wembamba wake ndo jina lake. Mwingine akashauri mota ndogo na propela, matanga yawe pambo. Sikuwa na subira na hilo, samahani.

Ikabaki pezi, yaani bapa linaloshuka chini ya mkuku likiwa na risasi mwishoni. Tazama boti za mashindano za daraja la International One Metre, bodi haizidi mita 1, yaani zinakaribiana urefu na hii yetu, uzito usipungue kilo 4, matanga nayo yanakaribia mita ya mraba 0.6, na katika hizo kilo 4 kati ya 2.2 na 2.5 zinaning'inia kwenye pezi na risasi yake, chini mpaka sm 42. Zaidi ya nusu ya chombo ipo chini ya chombo. Wale watu walishalijibu swali letu zamani.

Jamaa aligoma kwanza. Kufunga pezi kwenye merikebu ya 1869 ni kuidhalilisha, alisema. Namuelewa, lakini mimi msimamo wangu ni kwamba heshima ya modeli ya majini iko juu ya mstari wa maji, huko usicheze na kitu, chini ya maji fanya kinachoiweka wima, hamna anayeona ikiwa inatembea. Tukakubaliana liwe la kufunga na kufungua. Akapitisha mirija miwili ya shaba wima kutoka sitaha mpaka mkukuni, mmoja chini ya mlango wa mbele na mwingine chini ya mlango wa nyuma, akaizungushia epoksi na faibaglasi ili maji yasipenye popote. Pezi ni plaiwudi iliyofunikwa faibaglasi, lina nondo mbili nyembamba zenye nyuzi za bolti zinazopanda ndani ya mirija na kubanwa kwa nati juu. Chini yake kuna risasi ya kilo 1.5 iliyotengenezwa mfano wa samaki, kitovu chake kipo sm 33 chini ya maji. (Risasi ukiyeyusha fanya nje penye hewa na ukungu uwe mkavu kabisa, tone la maji likikutana na risasi ya moto linarusha kila kitu.) Kile kilichobaki cha farumi kikafidia uzito wa pezi na kuweka omo (mbele) na tezi sawa.

Risasi ile ilikuwa sm 7 chini, sasa ipo sm 33, tofauti ni 26. 1.5 mara 26 gawa kwa 5.6, karibu sm 7. Jumlisha na 2.8, tumefika 9.8. Tulirudia kipimo cha uzi kwenye pipa refu, maana beseni halitoshi kina tena, na namba ikaja karibu na hiyo, uzi ulikuwa unahama kwa milimita chache tu ambazo unazisoma kwa shida. Sasa 5.6 mara 9.8 ni karibu 55. Pezi limeteremsha pia katikati ya sehemu iliyozama, kwahiyo upepo nao umepata mkono mrefu kidogo, sm 40 badala ya 34, inakuwa 10.4. Kumi dhidi ya hamsini na tano. Hesabu inasema nyuzi 11 za kuinama kwa upepo wa km 9, ukingo uko salama.

Milango ya sitaha akaiwekea ukingo wa ndani na mpira mwembamba, na omo na tezi akajaza povu gumu ili hata ikijaa isizame. Haya hayana hadithi, yalitakiwa kuwepo toka mwanzo.

Kwenye maji ilionekana merikebu. Inainama, inatulia, inakwenda, na ile namna ya kunyanyuka polepole upepo ukipungua ni tofauti kabisa na wasiwasi wa mwanzo. Upepo ukifika km 12 hivi inaanza kuweka ukingo majini, kwahiyo matanga ya juu kabisa na yale yanayofuata ameyafanyia vindoano, anayatoa kabla ya kushusha, na ndo utaratibu walioutumia mabaharia wenyewe, wanaanza kupunguza kutoka juu. Zaidi ya km 15 haishuki, hilo wamekubaliana yeye na merikebu yake.

Kilichobaki ni kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kuvusha omo pale upepo unakotokea. Matanga ya mraba hayaendi joshi (karibu na unakotoka upepo) kama tanga la pembetatu, hata meli kubwa ilikuwa haiwezi kuukaribia upepo sana, ila yenyewe ilikuwa na tani elfu mbili za mwendo za kuivusha omo upande wa pili. Kilo 5.6 hazina mwendo huo, omo ikifika katikati ya upepo inasimama na kuanza kurudi nyuma. Usukani wa skeli nao ni mdogo mno, ameuongezea kipande cha plastiki kisichoonekana kimebandikwa nyuma yake, karibu mara mbili ya eneo, ikasaidia kugeuka lakini kubisha bado. Kwa sasa anageuka kwa kuupa upepo tezi, anazunguka duara kubwa mpaka apate upande mwingine, na kila mzunguko anapoteza njia aliyoipanda. Wazo tunalolijaribu ni kuitenga sevo ya foromali za mlingoti wa mbele na ile ya nyuma, za mbele zibaki zimeshika upepo kwa nyuma ili ziisukume omo ivuke, wakati za nyuma zimeshageuzwa kusubiri. Ndani ya ngama nafasi ya sevo ya tatu ipo, tatizo ni gramu zake, na bila shaka itabidi tufanye tena kipimo cha uzi.